Vitabu na Muziki wa Ayalandi kwa Mapendekezo ya Wasomaji na Wasikilizaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sijui lolote kuhusu Ayalandi. Nianzie wapi?

Anza na kile ulicho nacho tayari, kwani huenda ni kingi kuliko unavyodhani. Wazee wetu walisoma “Safari za Gulliver”, na mwandishi wa kisa hicho, Jonathan Swift, alizaliwa Dublin mwaka 1667; wapo wahakiki waliokilinganisha kitabu chake na “Kusadikika” cha Shaaban Robert, kwa jinsi vyote viwili vinavyobuni nchi isiyokuwapo ili kusema ukweli kuhusu nchi iliyopo. Waliosoma “Shujaa Okonkwo” wamepita karibu sana na mshairi W. B. Yeats bila kujua, maana jina la Kiingereza la riwaya hiyo Chinua Achebe alilitoa katika shairi lake. Na waliokuwa vijana Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawahitaji kutambulishwa kwa Westlife.

Ushauri wangu ni kuushika uzi huo wa mwisho na kuuvuta taratibu. Westlife iliundwa mwaka 1998, na watatu kati ya waimbaji wake ni wenyeji wa Sligo, mji mdogo wa kaskazini-magharibi ya Ayalandi. Nje kidogo ya mji huo, katika uwanja wa kanisa la Drumcliff chini ya mlima Ben Bulben, ndiko alikozikwa Yeats, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923 na ambaye likizo zake za utotoni alizipitisha kwa wazazi wa mama yake huko huko Sligo. Kusini mwa kaunti hiyo, sehemu za Killavil, alizaliwa mwaka 1891 mpiga fidla Michael Coleman, ambaye alihamia Marekani na kurekodi New York santuri zilizovuka bahari kurudi nyumbani, zikabadilisha namna fidla ilivyopigwa katika nchi nzima. Kwa hiyo mtu aliyeanza na wimbo wa mapenzi wa redioni anaweza kufika kwa mshairi mkubwa na kwa fundi wa fidla bila kutoka nje ya kaunti moja, na akawa ameanza safari kwa hatua zake mwenyewe.

Kwa nini nifuate mapendekezo ya watu wakati tuzo zipo?

Tuzo zina kazi yake, na Ayalandi imezipata nyingi kwa nchi ya ukubwa wake. Nobel ya fasihi ilikwenda kwa Yeats mwaka 1923, George Bernard Shaw mwaka 1925, Samuel Beckett mwaka 1969 na Seamus Heaney mwaka 1995, na Booker, tuzo ya riwaya za Kiingereza, imechukuliwa na Roddy Doyle, John Banville, Anne Enright, Anna Burns na, mwaka 2023, Paul Lynch. Hata hivyo, tuzo inakueleza kwamba jopo la watu wachache walikubaliana, na haikuelezi kitabu hicho kilimfanya nini mtu mmoja aliyekuwa amekaa peke yake usiku akikisoma. Hilo la pili ndilo linalomsaidia msomaji mpya.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2015, pale shirika la utangazaji la taifa, RTÉ, lilipowaomba wananchi wachague shairi moja la Ayalandi la miaka mia iliyopita. Wengi wangetarajia shairi la mapinduzi au la mashujaa. Watu walichagua shairi la Heaney linalomhusu mama yake: mtoto na mama wamebaki jikoni wakati wengine wote wamekwenda misani, wanamenya viazi, na viazi vinadondoka kimoja kimoja ndani ya ndoo ya maji, na sauti hiyo ya maji ndiyo inayouvunja ukimya wao. Baadaye mama yuko kitandani akikata roho, padre anasali kwa sauti, wengine wanalia, na mtoto yule ambaye sasa ni mtu mzima anakumbuka vichwa vyao viwili vilivyoinamiana juu ya ndoo. Nani kati yetu hakuwahi kukaa jikoni na mama akimenya kitu? Shairi hilo lilipendekezwa na watu wanaolijua jiko hilo, na ndiyo maana linasafiri hadi jikoni kwetu.

Zipo pia njia mbili za kitaasisi ambazo zinamweka msomaji mbele. Tuzo ya Fasihi ya Dublin hupokea majina ya riwaya kutoka maktaba za umma za nchi mbalimbali duniani, na kila mwezi wa Aprili jiji la Dublin huchagua kitabu kimoja ili wakazi wote wakisome kwa pamoja, desturi iliyoanza mwaka 2006.

Nimuulize mtu vipi ili anipe pendekezo lenye maana?

Usiulize “kitabu kizuri ni kipi”, kwa kuwa swali hilo humfanya mtu akutajie kile anachodhani anapaswa kukitaja. Uliza ni kitabu gani alikimaliza kisha akamwazima mtu mwingine, au ni wimbo gani alilazimika kuurudia kabla hajafika mwisho. Kisha mwombe akuelekeze mahali pamoja tu, ukurasa au dakika, pa kuanzia.

Mimi nilimfahamu Claire Keegan kwa njia hiyo. Mama mmoja mwuguzi, aliyefanya kazi Ayalandi miaka kadhaa, aliniazima “Foster”, kitabu chembamba kuliko daftari la shule, akaniambia, “Soma mpaka kisimani, mwanangu, halafu unipigie simu.” Nilisoma. Mtoto wa kike ametolewa katika nyumba yenye watoto wengi, akapelekwa kukaa majira ya joto kwa jamaa wasio na mtoto. Mwenye nyumba anamshika mkono, wanateremka hadi kisimani, na mtoto anachota maji kwa upawa, anakunywa, anachota tena. Hakuna anayesema neno “upendo” mahali popote. Nilimpigia simu, na hatukuzungumza kwa muda mrefu, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumeshaelewana.

Nina muda mchache. Ni vitabu gani vifupi ambavyo wasomaji huvipendekeza zaidi?

Keegan tena, safari hii kwa “Small Things Like These” cha mwaka 2021. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni katika mji wa New Ross, ana mke na mabinti watano, na siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1985 anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa, anafungua banda la makaa, na kumkuta humo msichana aliyefungiwa usiku. Kitabu kinategemea historia ya kweli ya nyumba za kufulia za Magdalene, ambamo wanawake na wasichana walifanyishwa kazi bila malipo. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2013. Kinachonigusa ni kwamba mwandishi haandiki habari za watesaji. Anamwandika mtu mwema wa kawaida, anayedaiwa na anayedai, anayejua kwamba akifungua mdomo shule ya mabinti zake itakuwa hatarini.

Kwa wenyeji wa pwani ninaongeza tamthilia ya J. M. Synge ya tukio moja, “Riders to the Sea”, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904 na ambayo unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Bibi Maurya, katika visiwa vya Aran, amemzika au kumpoteza baharini kila mwanamume wa nyumba yake, na amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume anayejiandaa kuvuka. Mabinti wanaletewa nguo za maiti iliyookotwa mbali, kaskazini, na hawana hakika ni za kaka yao. Ndipo mmoja anaishika soksi aliyoifuma kwa mikono yake, anahesabu vitanzi, na kukumbuka kwamba vinne vilimponyoka alipokuwa akifuma. Kwa vitanzi hivyo vinne wanajua. Mtu yeyote ambaye kijiji chake kimewahi kukesha ufukweni kungojea chombo kisichorudi ataielewa tamthilia hii bila kufafanuliwa.

Je, ni lazima nisome “Ulysses” ya James Joyce?

Si lazima, na kwa hakika si ya kuanza nayo. Soma kwanza “Dubliners”, mkusanyiko wake wa hadithi fupi 15 uliochapishwa mwaka 1914, ambao lugha yake ni nyepesi na huzuni yake ni ya watu wa mjini wa mahali popote: karani anayedhalilishwa ofisini kisha akamrudishia mwanawe hasira hizo, binti anayeshindwa kupanda meli ingawa tikiti anayo.

Ukiamua kuiendea “Ulysses”, iliyotoka Paris mwaka 1922 na inayosimulia siku moja tu ya Dublin, yaani tarehe 16 Juni 1904, basi isikilize. Mwaka 1982 RTÉ iliicheza redioni yote, neno kwa neno, na kurekodi huko kuna urefu wa karibu saa 30. Wasomaji wengi walioshindwa na kitabu walikipata kwa masikio, kwa sababu sura nyingi ni mazungumzo ya watu wenye sauti zao, na sauti hizo karatasini haziachani kwa urahisi.

Nimesikia kwamba vitabu vingi vya Ayalandi vilipigwa marufuku nchini kwao. Wasomaji walivijuaje?

Kwa mkono. Sheria ya udhibiti wa machapisho ya mwaka 1929 iliunda bodi iliyoweza kuzuia kitabu kisiuzwe, na orodha ya vilivyozuiliwa ilikuja kujumuisha karibu kila mwandishi wa maana wa nchi hiyo. Mwaka 1960 Edna O'Brien, binti wa kijijini katika kaunti ya Clare, alitoa “The Country Girls”, kisa cha wasichana wawili wanaotoka shule ya watawa kwenda Dublin kutafuta maisha na mapenzi. Kilipigwa marufuku, na nakala zikachomwa moto katika parokia ya kwao. Miaka mitano baadaye “The Dark” ya John McGahern ilizuiliwa vilevile, na mwandishi akapoteza kazi yake ya ualimu.

Vitabu hivyo havikuacha kusomwa. Viliingia ndani ya masanduku ya waliokuwa wakitoka kazini Uingereza, vikafunikwa kwa karatasi za magazeti, vikapita kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwalimu. Sheria ya mwaka 1967 ililegeza kamba kwa kuweka kikomo cha miaka 12 kwa kila marufuku, na maelfu ya vitabu vikaachiwa kwa mkupuo. O'Brien aliishi hadi mwaka 2024, akaona nchi iliyomkataa ikimheshimu kama mama wa fasihi yake. Ninalitaja hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha pendekezo la msomaji lina uzito gani: kulikuwa na miaka ambapo lilikuwa ndiyo njia pekee.

Tuje kwenye muziki. Kwa nini mahadhi mengi ya Kiayalandi yana majina ya watu?

Kwa sababu jina la mtu ndilo pendekezo lenyewe. Muziki wa asili wa ala, usio na maneno, ulifundishwa kwa sikio, na mwanafunzi aliyeulizwa “hayo uliyapata wapi” alimtaja aliyempa. Hivyo mahadhi yakabaki na jina la fundi wa fidla wa kijiji fulani, au la bibi aliyeyaimba kwa mdomo, hata baada ya wote waliomfahamu kufariki. Paddy Fahey, mpiga fidla wa mashariki ya Galway, alitunga mahadhi mengi bila kuyapa jina hata moja, na leo yote yanaitwa ya Paddy Fahey, yakatofautishwa kwa namba. Pale ambapo hata jina la mtoaji limepotea, utakuta kwenye jalada la albamu maneno mawili ya Kiayalandi, “gan ainm”, yaani bila jina.

Mkusanyaji mkubwa kuliko wote alifanya kazi hiyo hiyo mbali na nyumbani. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork mwaka 1848, alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, na huko aliwatafuta wahamiaji wenzake, askari, makuli na wajakazi, akiwaomba wampigie au wamwimbie walichokuja nacho. Mwaka 1903 alichapisha kitabu chenye mahadhi 1,850, na wanamuziki walikuja kukitegemea hata vijijini Ayalandi kwenyewe.

Nimelelewa na taarabu. Je, masikio yangu yataupokea muziki huu?

Yataupokea, tena kwa haraka, maana ala kadhaa utazitambua. Fidla ipo, akodiani ipo, na ngoma yao iitwayo bodhrán ni ya duara, imewambwa ngozi upande mmoja kama tari la maulidi, ila wao huipiga kwa kijiti kifupi. Zumari lao, uilleann pipes, lina mfuko unaojazwa upepo kwa mivukuto inayobanwa na kiwiko, kwa hiyo mpigaji hapulizi kwa mdomo na anaweza kukaa ametulia kabisa huku vidole vikikimbia. Liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2017, na kinubi kikafuata mwaka 2019.

Tofauti kubwa iko katika mpangilio. Katika taarabu kila ala ina nafasi yake, na mwimbaji ndiye mwenye shughuli. Katika muziki wa ngoma za Kiayalandi wapigaji wote wanafuata mahadhi yale yale kwa wakati mmoja, na uhodari uko katika vikorombwezo vidogo, yaani noti iliyokatwa, iliyozungushwa au iliyocheleweshwa kidogo.

Kusema kweli, mahadhi yote yananisikikia kama moja. Nifanye nini?

Hisia hiyo ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki chache ukijifunza kuhesabu. Jigi, aina moja ya mahadhi ya ngoma, huhesabiwa sita, tatu na tatu, mwendo ambao ngoma nyingi za kwetu zinao. Rili, aina nyingine, huhesabiwa nne nne na hukimbia. Mahadhi ya kawaida yana sehemu mbili, kila moja ikirudiwa, na baada ya kuyazungusha mara mbili au tatu wapigaji huingia katika mahadhi mengine bila kusimama. Sikiliza pale pa kuvukia. Wasikilizaji wazoefu hungojea sekunde hiyo, na katika baa utawasikia wakitoa ukelele.

Anza na albamu ya kwanza ya Planxty ya mwaka 1973, ambamo utasikia uimbaji wa Christy Moore na zumari la Liam O'Flynn, kisha albamu ya kwanza ya The Bothy Band ya mwaka 1975, ambayo ina kasi na nguvu. Ukiona kasi inakuchosha, nenda kwa Martin Hayes wa Clare. Katika albamu yake ya “Live in Seattle” ya mwaka 1999, akiwa na mpiga gitaa Dennis Cahill, kuna kipande kimoja kinachokaribia nusu saa, kinachoanza polepole kama mtu anayetembea shambani jioni na kuongeza mwendo kwa kiasi ambacho hutambui mpaka ukumbi mzima umeshasimama.

Kwa nini waimbaji wengine huimba bila ala yoyote?

Huo ni uimbaji wa sean-nós, maneno yenye maana ya “mtindo wa zamani”. Mwimbaji hana ala, hana mapigo ya kudumu, na hufuata urefu wa sentensi. Joe Heaney, aliyezaliwa Carna katika kaunti ya Galway mwaka 1919 na kufariki Seattle mwaka 1984, ndiye ambaye wasikilizaji humtaja kwanza. Msikilize usiku, bila kufanya jambo jingine. Usitafute tafsiri mara ya kwanza. Itafute mara ya pili, nawe utashangaa ni kiasi gani cha maana ulikuwa umeshakipata.

Ni kitabu gani kinachokwenda na muziki gani?

Hili ndilo swali ninalofurahi kulijibu kuliko yote, kwa sababu katika nchi hii vitabu vinavyogeuka kwa sababu ya wimbo ni vingi.

Hadithi ya mwisho ya “Dubliners”, iitwayo “The Dead”, ni karamu ndefu ya mwezi wa Januari yenye bata bukini, ngoma na hotuba. Wageni wanapoondoka, Gabriel anamwona mke wake amesimama gizani juu ya ngazi, ametulia, anasikiliza mtu akiimba chumbani wimbo wa kale wa “The Lass of Aughrim”. Anadhani ni picha nzuri. Hajui kwamba wimbo huo uliimbwa zamani, Galway, na kijana mwingine, na kwamba usiku huu ataambiwa habari zake. Sikiliza wimbo kwanza, kisha usome hadithi.

Riwaya ya “Brooklyn” ya Colm Tóibín, ya mwaka 2009, inamfuata Eilis, msichana wa Enniscorthy aliyehamia New York katika miaka ya 1950. Siku ya Krismasi anasaidia kugawa chakula kwa wazee wa Kiayalandi waliojenga madaraja na barabara za Marekani na hawakurudi tena kwao, na mmoja wao anasimama na kuimba kwa Kiayalandi “Casadh an tSúgáin”. Katika filamu iliyotokana na riwaya hiyo anayeimba ni Iarla Ó Lionáird, mzaliwa wa Cúil Aodha katika kaunti ya Cork. Mfuate huyo, naye atakufikisha kwenye kundi la The Gloaming, na humo utamkuta tena Martin Hayes na fidla yake. Hivyo ndivyo pendekezo moja linavyozaa jingine.

La tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Tamthilia ya Brian Friel, “Dancing at Lughnasa”, iliyochezwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Abbey mwaka 1990, imewekwa katika nyumba ya akina dada watano, Donegal, mwezi wa Agosti mwaka 1936. Kaka yao, Padre Jack, amerudi baada ya miaka 25 ya kuwahudumia wenye ukoma Uganda, na maneno ya Kiingereza yanamponyoka. Dada zake wanaelezwa kwamba akili yake haijavurugika, ila miaka yote hiyo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili anaposoma hapo huhisi mlango umefunguliwa kutoka ndani. Na nyumbani humo kuna redio mbovu wanayoiita Marconi. Ghafla inakamata muziki wa ngoma, Maggie aliyekuwa akikanda unga anajipaka unga usoni, anaanza kucheza, na mmoja baada ya mwingine wanamfuata, hata Kate, mwalimu mkali, ambaye anatoka na kucheza peke yake uani. Redio inakata, wanabaki wanahema na kuoneana haya. Ukishaisoma, weka rili yoyote yenye kasi ya fidla na akodiani, uisome tena sehemu hiyo.

Sijui Kiayalandi. Je, nitakosa mengi?

Utakosa kiasi, lakini milango ipo. “Cré na Cille” ya Máirtín Ó Cadhain, iliyotoka mwaka 1949, ambamo wahusika wote wamekufa na wanaendelea kusengenyana kaburini, ilikaa zaidi ya miaka 60 kabla tafsiri yake ya Kiingereza kuchapishwa mwaka 2015. “Foster” nayo ilifanywa filamu kwa Kiayalandi, “An Cailín Ciúin”, iliyokuwa ya kwanza ya lugha hiyo kuteuliwa kuwania Oscar. Ukitaka masikio yako yaizoee sauti ya lugha yenyewe, Raidió na Gaeltachta imekuwa ikitangaza tangu mwaka 1972 na husikika kwa intaneti popote ulipo.

Ninaweza kupata nini bila malipo?

Maandishi ambayo hakimiliki yake imekwisha, kama “Dubliners”, “Dracula” ya Bram Stoker, kazi za Swift na tamthilia za Synge, yamo katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Kwa muziki, Hifadhi ya Muziki wa Asili wa Ayalandi iliyoko Dublin, iliyoanzishwa mwaka 1987, imeweka mtandaoni rekodi, picha za video na maandishi ya noti kwa wingi. Hapo ndipo ningempeleka mwanafunzi yeyote wa fidla.

Na waandishi na wanamuziki wa sasa?

Sally Rooney kwa vijana na mapenzi yao yenye maneno machache. Paul Lynch kwa hofu ya nchi inayoteleza mikononi mwa wababe. Kwa muziki, Lankum wa Dublin, hasa albamu yao ya mwaka 2023, wanaochukua nyimbo za kale na kuzifanya nzito kama mawingu ya masika, Fontaines D.C. kwa wapenda roki. Na Kneecap wa Belfast, wanaofoka kwa Kiayalandi.

Nilipendekezewa kitabu na sikukipenda. Nimwambie aliyenipa?

Mwambie, tena kwa ukweli na kwa heshima, ukimtajia ukurasa ulioachia. Pendekezo lake la pili litakuwa bora kwa sababu sasa anakujua. Binafsi nilishindwa na Beckett mara mbili kabla ya kuambiwa nimsome kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika.

Ninaishi Ayalandi. Nikikuta watu wanapiga muziki katika baa, nifanyeje?

Kaa karibu, agiza chochote, hata chai au soda, na usikilize. Wapigaji hukaa duara na mara nyingi huelekeana wao kwa wao, jambo ambalo mgeni anaweza kulichukulia kuwa ni kutengwa, na sivyo. Usikae kwenye kiti kilicho ndani ya duara bila kukaribishwa, usirekodi bila kuomba, na mtu akianza kuimba bila ala, nyamaza kabisa hadi amalize. Wakipumzika, msogelee mmoja na umuulize kwa upole yale mahadhi ya mwisho yanaitwaje. Pengine hatalikumbuka jina, lakini karibu kila mara atakuambia aliyapata kwa nani. Andika majina yote mawili.